Jibu Halikubaliani na Mwili

"Umewahi kuvuta tumbaku?" Shahidi aliuliza.

"Sijawahi," Kalunde alijibu.

"Umewahi kuishi na mtu anayevuta tumbaku ndani ya nyumba?"

"Sijawahi."

Mashine ikanyamaza. Haikuzidi ukubwa wa redio ya mezani, na chini ya kioo chake kulikuwa na kipande kidogo cha nyama kilichotolewa kwa sindano asubuhi ile katika titi la kushoto la Kalunde. Taa yake ya kijani iliwaka, ikafifia, ikawaka tena. Upande wa pili wa meza, Daktari Generosa Haule alikuwa ameweka mikono mapajani, kama mtu anayechelea kuisumbua.

Kisha taa ikawa nyekundu.

"Jibu halikubaliani na mwili," Shahidi alisema, kwa sauti ileile ya upole.

Kalunde alicheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrina asali, mwenye mikono iliyozoea kuumwa na nyuki bila kushtuka.

"Daktari, kazi yangu ni moshi. Msimu mzima nafukiza mizinga. Mwambie huyu bwana wako anuse vizuri."

"Moshi wa magome ya miti hauna nikotini, mama. Na Shahidi hanusi nguo. Anasoma makovu." Daktari alizungumza taratibu, akichagua kila neno. "Moshi wa tumbaku ukiingia mapafuni hauishii hapo. Sehemu yake huchukuliwa na damu, na baadhi ya kemikali zake zimekutwa hata ndani ya titi. Huko huweza kuacha makovu katika maelekezo ya urithi yanayoiongoza seli. Makovu ya tumbaku yana mpangilio wake, kama mwandiko wa mtu. Shahidi ameuona mwandiko huo kwako."

"Basi mimi ni mwongo."

"Sikusema hivyo. Sheria ndiyo inayotaka neno moja kati ya mawili. Kama ulivuta mwenyewe, utahamia Safu ya Pili. Kama moshi ulikuwa wa mtu mwingine, utamtaja mbele ya Baraza la Pumzi siku ya Alhamisi. Yeye atawekewa alama ya mvutaji, nawe utabaki Safu ya Kwanza."

Katika mji wa Mabani hapakuwa na mtu asiyejua tofauti ya safu hizo. Safu ya Kwanza ilitoa dawa iliyofumwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, kutokana na uvimbe wake mwenyewe. Safu ya Pili ilitoa dawa za zamani, na subira.

"Uvimbe wako bado ni kama punje ya harage," daktari aliongeza. "Kwa ukubwa huo dawa ya kwanza inaweza kuumaliza. Ukisambaa, sitakuwa na ahadi ya kukupa."

Ukumbini, Nyamizi alikuwa amekaa akisubiri dawa zake za Safu ya Pili, kitambaa kimefunika kichwa kilichokwisha nywele. Mwaka uliopita naye alimwambia Shahidi kwamba hajawahi kuvuta. Tangu siku hiyo watu wa Mabani walimwita mvutaji wa gizani, na wanawake wenzake wa kwaya walianza kunusa vikombe alivyonywea.

"Haya, mrina asali!" Nyamizi aliita. "Umesifiwa huko ndani, au umetukanwa kwa sauti tamu?"

"Nyamizi, niache."

"Nikuache? Wewe si ndiye uliyeniambia nitubu, Mungu hapendi uongo? Njoo tutubu wote. Mimi nimeshatubu dhambi zote nilizo nazo, sasa nimeanza kuazima za majirani."

Kalunde alipita akaenda zake. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Nyamizi alikuwa amesema kweli, na swali hilo halikumpa faraja. Likamletea jingine. Kama si mimi, ni nani?

*

Jioni ile alinusa koti la mumewe.

Mihayo alikuwa msimamizi wa mabani ya kale, vibanda virefu vya matofali ambamo babu zao walikaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Mashamba ya mwisho ya tumbaku yalifungwa kabla Kalunde hajaolewa, na sasa mabani yalikaushia uyoga. Koti lilinuka uyoga, jasho na vumbi. Lakini katika mfuko wa ndani Kalunde alikuta karafuu zilizofungwa katika kipande cha karatasi.

Aliziweka juu ya meza ya chakula, katikati ya bakuli la mchicha na sahani ya ugali. Binti yao Wande, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameshakula na kwenda kwa bibi yake, nyumba ya uani.

"Baba Wande, karafuu za nini?"

"Jino." Mihayo alijigusa shavu. "La nyuma. Tangu juzi linanipiga kama nyundo."

"Hukuniambia."

"Nikuambie jino, na wewe una lako la kuuguza?"

"Karafuu huondoa harufu ya kinywa."

Mihayo aliacha tonge hewani. Kalunde alimweleza yote: taa nyekundu, safu mbili, Alhamisi. Alieleza akimtazama usoni, kama anavyoutazama mzinga kabla ya kuufunua, akisubiri kuona ni upande gani utakaotoa mlio. Aliyoyaona hayakumfurahisha. Mumewe hakushangaa, wala hakuapa. Alinawa mikono, akaifuta kwa utulivu mwingi, akasema:

"Nitaje mimi."

"Unavuta?"

"Nitaje mimi, mama Wande. Waandike alama, wewe upate dawa."

"Nimekuuliza kama unavuta."

"Unataka jibu au unataka dawa?"

"Nataka kujua ninalala na nani!"

Mihayo aliinuka, akatoka uani. Kalunde alibaki na karafuu mbele yake. Mtu asiye na hatia, aliwaza, haikimbilii kamba kabla haijasokotwa. Usiku huo kila alipokohoa mumewe alihesabu kuwa ni ushahidi, na kila aliponyamaza alihesabu vilevile.

*

Siku iliyofuata alirudi kwa daktari kabla hata ya kupeleka asali sokoni.

"Nataka kujua zaidi. Moshi huu uliingia lini? Kwa njia gani? Mashine yenu iliyoona kovu, inaweza kusoma tarehe yake?"

Daktari Generosa alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna anayeomba usomaji wa pili," alisema. "Wengi huogopa utawaumbua. Wewe huogopi?"

"Naogopa. Soma."

Usomaji ulichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Daktari alifunga mlango, jambo ambalo Kalunde aliliona na kulitilia shaka. Taa ilipotulia, Shahidi alitamka maneno machache: moshi ulianza mgonjwa akiwa na umri wa takriban miaka tisa. Ulikoma karibu na miaka kumi na sita. Haukuwa moshi wa kuvutia hewani tu. Uliingia kwa kinywa cha mgonjwa mwenyewe.

"Huo ni uongo," Kalunde alisema, lakini sauti ilimtoka nyembamba. Akiwa na miaka tisa hakumjua Mihayo. Mumewe alikuwa ametoka katika shauri, na hakuna aliyeingia mahali pake isipokuwa yeye.

"Umri huo ni mbaya," daktari alisema. "Titi la msichana kabla ya ujauzito wa kwanza ni kama shamba lililotifuliwa lisilopandwa bado. Seli zake zinagawanyika upesi na hazijakomaa. Uchunguzi mwingi umeona kwamba wanaoanza kuvuta katika miaka hiyo hupatwa zaidi na saratani ya titi. Si wote, wala hatuwezi kumwambia mmoja mmoja kwamba kilichomdhuru ni hiki tu. Lakini hatari huongezeka."

"Na nikotini yenyewe? Si husema ni uraibu tu?"

"Zamani tulidhani hivyo. Katika maabara imeonekana ikishika milango fulani ya seli za saratani na kuzihimiza zikue, zihame, zijijengee mishipa ya damu. Huenda si yeye anayewasha moto. Huenda ndiye anayeupepea."

Kalunde alijifunga kitenge chake upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Daktari, wewe unaniamini?"

"Nina wanawake kumi na mmoja, nawe ukiwemo, walioambiwa ni waongo," Generosa alijibu. "Wote walizaliwa hapa Mabani. Mimi ni mtu wa Songea, sijui mnafanya nini hapa mkiwa wasichana. Kila nikiuliza naambiwa hakuna. Kwa hiyo sijui kama siwaamini nyinyi au siiamini mashine. Ila kuna kitu."

*

Kalunde alimkuta Mihayo akifunga mlango wa bani la tatu.

"Ulikuwa unamficha nani?" alimuuliza bila salamu. "Shahidi amesema miaka tisa. Ulikuwa hunijui. Kwa nini ulitaka kuubeba moshi usio wako?"

Macho ya Mihayo yaligeuka yenyewe, yakaelekea nyumbani, upande wa uani, alikoishi mama yake. Bibi Nyanzobe alivuta kiko. Sheria ilikuwa imewaachia wazee waliopita miaka sabini tumbaku yao ya kienyeji, mradi wavute nje, kwenye hewa wazi.

"Nilidhani utamtaja mama," Mihayo alisema. "Wangempeleka kambi ya wazee wavutaji. Asingemaliza hata mvua moja huko."

"Mama anavuta nje. Mimi hata sikumfikiria."

"Hukumfikiria wewe. Mimi nilimfikiria."

Walirudi pamoja. Ulikuwa wakati ambao jua limelegea na wanawake wanapepea majiko. Walipofika uani, Bibi Nyanzobe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha.

"Wande! Niwashie."

Wande alitoka jikoni akiruka. Alikipokea kiko kwa mikono miwili, akachutama penye jiko, akabana kaa dogo la moto kwa vijiti, akaliweka juu ya tumbaku. Kisha akatia kiko kinywani. Akavuta, mashavu yakabonyea. Akavuta tena. Mara ya tatu moshi ukatoka puani mwake, naye akakohoa kidogo, akacheka, akakipeleka kwa bibi kwa goti moja.

"Huyu ndiye mjukuu," Bibi Nyanzobe alisema, akikipokea. "Wengine huniletea kiko kimezimika."

Kalunde alisimama pale alipokuwa. Akilini alikiona kiko kingine, cha udongo mweusi, na mkono mwingine wenye bangili za shaba, wa bibi yake mzaa mama. Aliyaona mashindano ya binamu zake: nani atakayeitwa kuwasha, nani anayeaminiwa. Yeye ndiye aliyeaminiwa, asubuhi na jioni, mpaka alipokwenda shule ya bweni. Hiyo haikuwa kuvuta. Ilikuwa adabu. Kama angeulizwa mara elfu moja kama amewahi kuvuta tumbaku, angejibu mara elfu moja kwamba hajawahi, na asingekuwa anaficha lolote.

Alikwenda akamshika Wande bega.

"Kuanzia leo huwashi tena."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa," Kalunde alisema, na ndipo machozi yalipomtoka.

*

Alhamisi Baraza la Pumzi lilikaa katika ukumbi wa kituo cha afya. Mwenyekiti Lutufyo alikuwa mtu wa haki mpaka ikachosha. Kabla ya kila shauri aliinyoosha kwanza kalamu mbele yake. Shahidi alikuwa juu ya meza. Wanawake walioitwa waongo walikuja wote, kwa kuwa Nyamizi alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba.

Kalunde alieleza. Aliposema neno kiko, mnong'ono ulipita katika benchi za wanawake. Mmoja alijifunika uso kwa kanga.

"Mheshimiwa," Nyamizi alisema bila kuruhusiwa, "mimi niliwasha viko viwili. Cha bibi na cha babu. Kumbe nilikuwa mvutaji hodari!"

Watu walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka.

"Ninyi mmekuwa na siku tatu za kupanga maneno," alisema. "Kumi na mmoja mnakuja na hadithi moja, na walioshuhudia wote wamekufa. Mngekuwa mahali pangu mngeamini?"

Swali lilikuwa la haki.

"Kuna njia ya kuthibitisha," Lutufyo aliendelea. "Mama Kalunde, umesema binti yako alikuwa akiwasha hadi juzi, na hajawahi kuvuta kwa namna nyingine. Tumlete mbele ya Shahidi. Akisomeka kama ninyi, nitaamini. Nitawarudisha wote Safu ya Kwanza leo hii."

"Na yeye?"

Mwenyekiti aliinyoosha kalamu. "Atakachosoma Shahidi huingia moja kwa moja katika kumbukumbu ya mtu. Hakifutiki. Sikuitunga mimi."

Kalunde alielewa. Wande angekuwa mvutaji akiwa na miaka kumi na miwili. Akiugua siku moja, ugonjwa wowote wa mapafu au wa titi, angekutana na taa nyekundu iliyowashwa na mama yake. Upande mwingine kulikuwa na punje ya harage iliyokuwa ikikua ndani ya kifua chake, na wanawake kumi wenye macho yaliyomwangukia. Nyamizi hakuwa akitania tena. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Siwezi," Kalunde alisema.

"Kalunde!" mwanamke mmoja alilia. "Mwanao ni mzima! Sisi tunakufa!"

"Najua, dada. Na mimi ni mmoja wenu. Lakini sisi tuliwekwa kwenye moshi huu tukiwa watoto bila kuulizwa. Sitamweka mwingine ili nitoke."

Lutufyo alishika kalamu. Kabla haijagusa karatasi, kiti kilisogea nyuma ya ukumbi.

"Mwenyekiti," Mihayo alisema, "lazima awe mtoto?"

"Unasemaje?"

"Nina miaka arobaini na sita. Sijawahi kuvuta, na kazi ya kuwasha haikuwa ya wavulana, kwa hiyo hata kuwasha sijawahi. Niulizeni sasa hivi, mbele ya mama yangu. Halafu niwashe. Halafu niulizeni tena."

"Baba Wande, kaa chini," Kalunde alisema.

"Nimekaa vya kutosha."

Daktari Generosa tayari alikuwa amesimama. Alimpa Mihayo bomba la kupulizia lililounganishwa na Shahidi, akaeleza kwa ajili ya Baraza: pumzi na mate haviwezi kuonyesha makovu ya miaka, lakini vinaonyesha kama moshi umeingia kinywani sasa na kama umevutwa. Mwenyekiti alikagua bomba kwa pande zote mbili. Alimwamuru Mihayo afungue kinywa, akatazama ndani, akaiona hata karafuu juu ya jino bovu, akamtemesha.

"Umewahi kuvuta tumbaku?" Shahidi aliuliza.

"Sijawahi."

"Jibu linakubaliana na mwili."

Walitoka uwanjani. Bibi Nyanzobe, aliyekuja kusikiliza shauri la mkwewe, alitoa kiko chake. Mwenyekiti alikinusa, akatazama tumbaku iliyomo, akakirudisha. Mihayo alichutama penye jiko la mama ntilie wa langoni. Vijana wawili waliokuwa wakipita walicheka kumwona mwanamume mzima akifanya kazi ya visichana. Aliweka kaa. Akavuta mara ya kwanza, akakohoa mpaka akashika tumbo. Akavuta mara ya pili. Ya tatu moshi ulimtoka puani, macho yakajaa maji. Akakipeleka kiko kwa mama yake kwa mikono miwili, goti moja chini.

Ukumbini, alipuliza tena.

"Umewahi kuvuta tumbaku?"

Mihayo alimtazama mwenyekiti wala si mashine. "Sijawahi. Nimemwashia mama."

Taa ikawa nyekundu.

"Jibu halikubaliani na mwili."

Lutufyo alimwomba daktari arudie kipimo, naye akarudia, na jibu likawa lilelile. Hatimaye alizungumza, na kila neno lilimgharimu. Wanawake wale hawakuwa waongo. Waliingizwa katika moshi wakiwa watoto, kwa mkono wa waliowalea, na sheria haimhukumu mtoto kwa asichokijua. Walirudishwa wote kumi na mmoja Safu ya Kwanza, kuanzia saa ile. Na viko vya wazee vitawashwa na wazee wenyewe.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nyamizi alikivua kilemba chake akakirusha juu, kichwa chake kikang'aa mbele ya watu wote.

"Bado," mwenyekiti alisema, akainua mkono. Hakumtazama Mihayo. "Huyu ni mtu mzima. Alijua ni tumbaku, alijua inavutwa, na alivuta kwa hiari yake mbele ya Baraza. Kati ya wote walioletwa kwangu tangu mwaka jana, ndiye peke yake anayeingia katika maneno ya sheria kama yalivyoandikwa. Alama yake inabaki."

"Nilijua, mheshimiwa," Mihayo alisema.

Daktari alimshika Kalunde mkono, akamwongoza katika njia ndefu iliyoelekea wodi ya Safu ya Kwanza. Dawa ilihitaji kuanza kufumwa siku hiyohiyo. Mihayo alifuata, amebeba mfuko wake wa nguo. Mlango wa wodi ulikuwa wa kioo kizito, na juu yake palikuwa na tundu dogo lililonusa kila pumzi iliyokaribia. Ulifunguka kwa daktari. Ulifunguka kwa Kalunde. Mihayo alipopiga hatua, ulijifunga taratibu, bila kelele, kama mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Kalunde aligeuka. Kwa siku tatu nzima alikuwa amemnusa mume huyu, amempekua mifuko, amehesabu kikohozi chake. Sasa aliweka kiganja kwenye kioo. Upande wa pili Mihayo aliinama, akauweka mfuko wa nguo sakafuni mbele ya mlango, akausukuma kwa mguu mpaka ukagusa kioo. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, mbali na tundu, ili mlango ukubali kufunguka na mkewe auchukue.